Mvua Tusiyoizoea



Sisi watu wa Cyangugu, nchi ambayo siku hizi huitwa Wilaya ya Rusizi, ni watu wa mvua. Mashariki yetu uko msitu mkubwa wa Nyungwe, ambao asubuhi nyingi huamka umefunikwa na mawingu. Magharibi yetu liko ziwa Kivu, na mto Rusizi utokao ziwani kushuka mpaka Tanganyika. Mwaka wetu una majira manne, na mtoto wa kwetu hujua majina yake kabla hajajua kushika kalamu: Umuhindo, mvua za tangu Septemba mpaka Desemba, Urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari, Itumba, mvua kubwa za Machi mpaka Mei, na Impeshyi, kiangazi kirefu. Mgeni akitufikia mwezi wa Aprili huuliza, "Je, huku kwenu jua huwaka lini?" Nasi hucheka, maana twamwona hajui dunia.

Basi huenda msomaji akauliza, Yawezekanaje mtu wa nchi ya mvua kuandika habari za mvua asiyoizoea? Samaki naye je, alalamike kwamba ameloa? Swali hili ni la haki, nami nimeandika makala haya ili kulijibu. Jibu langu kwa ufupi ni hili: kuizoea mvua si sawa na kuijua. Wahenga walisema, Mazoea yana taabu. Mtu aliyeizoea mvua hulala usingizi inaponyesha, na pengine usingizi huo ndio unaomwua.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 nilikuwa na umri wa miaka 17, nasoma mwaka wa nne hapa shuleni. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mvua kubwa ilinyesha katika nchi ya magharibi na kaskazini ya Rwanda. Haikuanza kwa kishindo cha ajabu. Ilikuwa mvua ya Itumba kama mvua nyingine, ila haikukoma. Asubuhi habari zikaanza kuja kwa redio. Mto Sebeya katika Wilaya ya Rubavu ulikuwa umefurika na kuingia majumbani mwa watu. Katika Wilaya za Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu milima ilikuwa imeporomoka juu ya nyumba watu wakiwa wamelala. Hesabu ilipanda kila saa, na mwisho ikajulikana ya kwamba watu zaidi ya 130 wamekufa, na nyumba zaidi ya 5,000 zimebomoka. Wilaya yetu ya Rusizi haikupata pigo kama lile. Tulimshukuru Mungu, tukawaombea waliofiwa.

Lakini mvua haikuwa imemaliza kazi yake. Siku iliyofuata, tarehe 4 Mei, ambayo ilikuwa Alhamisi, ilipiga ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Kalehe, kaskazini ya Bukavu. Maji yakashuka milimani pamoja na mawe makubwa na matope, yakafagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Alhamisi ni siku ya soko Nyamukubi, kwa hiyo watu walikuwa wengi kuliko siku nyingine. Waliokufa walipita 400, na wengi mno hawakuonekana tena. Jumatatu tarehe 8 Mei nchi nzima ya Kongo ilifanya maombolezo.

Msomaji wa mbali ajue kwamba mpaka wetu na Kongo ni daraja tu. Kila siku akina mama wa Kamembe huvuka kwenda Bukavu na vikapu vyao, na wa Bukavu huja kwetu. Nao hupatana bei kwa Kiswahili hiki hiki ninachoandika. Kwa hiyo msiba wa Kalehe ulikuwa msiba wa nyumba nyingi za huku. Karibu na nyumbani kwetu yuko mama mmoja auzaye sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mdogo wake aliolewa huko Kalehe, na siku ile alikwenda sokoni kuuza mihogo. Hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Tulipokwenda kumpa pole, mama yule hakulia. Alikaa juu ya mkeka akasema, "Kijito kile nakijua. Nilipokwenda kumtembelea tulikivuka bila kuvua viatu. Mtu atakiogopaje kijito namna ile?"

Maneno hayo yameniganda rohoni mpaka leo. Watu wa Nyamukubi hawakuwa wajinga. Walikijua kijito chao kwa siku zake zote za kawaida. Hawakukijua kwa siku yake moja ya ghadhabu, maana siku hiyo huja mara moja katika miaka mingi, na baina ya siku moja na nyingine watu husahau. Hata hivyo miaka ya kusahau si mingi kama tudhanivyo. Mwezi wa Oktoba 2014 mvua kali ilibomoa nyumba zaidi ya 700 katika Kivu ya Kusini hiyo hiyo, na watu zaidi ya 100 wakapotea. Kutoka 2014 mpaka 2023 ni miaka tisa tu.

Sasa nieleze kwa nini mlima uliosimama tangu enzi huanguka usiku mmoja. Udongo wa milima yetu ni mzito na mrefu kwenda chini, na chini yake kuna mwamba. Mvua ya kwanza hunywewa na udongo, nao hufurahi kama mtu mwenye kiu. Mvua ikiendelea wiki baada ya wiki, kama ilivyo katika Aprili, udongo hushiba. Ukiisha kushiba huwa mzito sana, na maji yaliyofika chini hulainisha pale unaposhikana na mwamba. Hapo ikija mvua nyingine kubwa, sehemu nzima ya mlima huteleza pamoja na migomba, mbuzi na nyumba. Sisi huita jambo hili inkangu. Mizizi ya miti mikubwa husaidia kuushika udongo. Kwa hiyo mahali msitu ulipokatwa hatari huzidi. Mto Sebeya hushuka kutoka nchi ya Gishwati, na sehemu kubwa ya msitu wa Gishwati ilikatwa katika karne iliyopita.

Wengi wetu hatuoni uzito wa maji kwa sababu huja tone tone. Mwalimu wetu wa jiografia alitupa hesabu hii. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye bati la mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja, bati hilo hupokea lita 2,400, ndiyo majerikani 120 ya lita ishirini ishirini. Na shamba la hekta moja hupokea lita 500,000, yaani uzito wa tani 500. Ni nani awezaye kupandisha mzigo huo mlimani? Mvua huupandisha usiku mmoja wala haidai mshahara.

Baada ya msiba ule nilitaka kujua kama ziko nchi nyingine zilizopigwa namna hii na jambo zisilolizoea. Mwalimu wa historia akatupa habari za Unguja. Watu wa pwani waliujua upepo wao kuliko sisi tunavyoijua mvua yetu. Walijua kaskazi, iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi, iliyoyarudisha. Maisha yao yote yalipangwa kwa pepo hizo mbili. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 ilikuja tufani ambayo haikuwa kaskazi wala kusi. Tufani huzaliwa juu ya bahari yenye joto, na hupata kuzunguka kwa sababu dunia nayo inazunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni dhaifu, ndiyo maana ni nadra sana kufika Unguja. Ile ilifika. Ikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini, ikang'oa minazi na mikarafuu iliyokuwa utajiri wa kisiwa. Pemba ikasalimika, na tangu siku zile Pemba ndiyo iliyokuwa nchi kuu ya karafuu. Mali ya kisiwa kimoja ilihamia kisiwa kingine kwa siku moja.

Tufani nyingine ilipiga Lindi mwaka 1952. Kisha mwezi wa Mei 2024 ikaja tufani iliyopewa jina la Hidaya, ikielekea kisiwa cha Mafia. Ilipofika huko tarehe 4 Mei ilikuwa imekwisha kupungua nguvu, basi hatuwezi kuifananisha na ile ya 1872. Lakini tazameni tofauti nyingine. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilikuwa imetangaza habari zake kabla haijafika, ikiitaja kwa jina na kueleza mahali ilipo, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vilizuiwa kusafiri. Pwani ile bado haijaizoea tufani, wala haitaizoea. Lakini sasa kuna watu kazi yao ni kukesha kwa ajili ya jambo lisilozoeleka. Hilo ndilo fundisho nililolipata: nchi haihitaji kupigwa mara nyingi ili ijue, yahitaji mtu wa kukesha na mtu wa kuandika.

Je, sisi wa Kivu tunaye mtu wa kuandika? Baada ya Mei 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali walitaka kupima kama kubadilika kwa tabianchi ya dunia ndiko kulikoizidisha mvua ile. Hawakuweza kusema kwa yakini, kwa sababu vipimo vya mvua vya zamani katika nchi hizi ni vichache na vina mapengo. Pengo kubwa kwetu Rwanda lina sababu ambayo kila mtu aijua. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vituo vingi vya kupimia mvua vilinyamaza, na ilichukua miaka kama 15 mpaka kazi ile ikarudi vizuri. Watu zaidi ya milioni moja waliuawa. Si ajabu chombo cha mvua kukosa mtu wa kukisoma. Lakini nilipoelewa jambo hili nilitetemeka. Msiba mmoja ulifuta kumbukumbu ambayo ingetusaidia katika msiba mwingine, baada ya karibu miaka thelathini.

Wafanya biashara wa pwani wana methali isemayo, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema, na mvua ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2023 hapa shuleni tunacho kipimo cha mvua nyuma ya jiko, nasi wanafunzi tunakisoma kwa zamu saa moja asubuhi, siku za masomo na siku za Jumapili, na kuandika katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Mwanzoni wenzetu walituita "makarani wa mawingu." Sasa wanauliza wenyewe wakienda kunywa uji, "Leo ngapi?"

Sasa nije kwenye jambo la nyumbani, maana hekima ya daftari haina faida ikiwa haivuki mlango wa nyumba ya mtu. Bibi yangu anakaa Nkanka, juu ya mteremko mkali utazamao ziwa. Nyumba ile aliijenga babu, na kaburi la babu liko chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Viongozi wa kijiji walikwisha kusema kwamba mteremko ule ni amanegeka, yaani mahali pa hatari, na kwamba watu wahame. Baba mdogo ana nyumba juu mgongoni mwa mlima, penye ardhi tambarare, naye alimwomba mama yake ahamie kwake. Bibi alikataa. Alisema, "Nimeona Itumba zaidi ya 70 katika maisha yangu, na hakuna hata moja iliyonifukuza. Mnataka niondoke kwa sababu ya mvua ambayo haijaja?"

Nisieleweke vibaya: bibi yangu ana elimu. Akitazama siafu wakihamisha mayai yao, au upepo ukigeuka kutoka ziwani, husema mvua itanyesha kabla ya jioni, na hunyesha. Lakini dalili zake zote hueleza kama mvua itakuja. Hakuna hata moja ielezayo itakuwa kiasi gani. Likizo ya Krismasi mwaka 2024 nilikaa naye jikoni nikamfanyia ile hesabu ya bati na majerikani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatia kuni moja motoni, akaniuliza, "Na ile mvua ya Kalehe, ilikuwa majerikani mangapi?"

Nikamjibu, "Sijapata mtu wa kuniambia, bibi."

Akasema, "Basi mwanangu, kama wenye vitabu hamjui hiyo iliyokwisha kupita, mtajuaje yangu itakayokuja?"

Kwa kweli nilinyamaza kitambo. Swali lake lilikuwa na nguvu kuliko hesabu zangu zote. Ndipo nikamwambia, "Bibi, kwa kuwa hatujui, ndiyo sababu tunakuomba uondoke. Tungejua siku yenyewe, tungekuja kukuchukua asubuhi yake." Hakujibu neno. Akanituma kufunga mbuzi.

Siku ya tatu alitoa shauri lake mwenyewe, wala hakuna mtu aliyethubutu kulibadili. Alisema kwamba tangu Machi mpaka mwisho wa Mei atalala kwa mwanawe juu mlimani, maana milima huanguka zaidi usiku watu wasipoiona. Mchana atashuka kulima na kufagia kaburi la mumewe. Umuhindo tutazungumza tena. Baba mdogo aliona kwamba hiyo ni nusu ya jambo; mimi niliona kwamba kwa mwanamke aliyekaa mahali pamoja zaidi ya miaka hamsini, nusu hiyo ni safari ndefu sana. Wala sijui kama nyumba ile itaanguka. Huenda ikasimama miaka mia, na bibi akatucheka mpaka kufa kwake. Namwombea Mungu iwe hivyo.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Aliomba nimwonyeshe namna ya kupima. Kwa kuwa hatukuwa na chombo cha pili, tulitafuta sufuria nzee yenye kingo zilizosimama wima, tukaiweka uani mbali na miti na paa. Chombo cha namna hiyo, kikiwa wima kutoka chini mpaka juu, huonyesha kina cha mvua sawasawa na kipimo cha dukani. Bibi hajui kusoma milimita, basi hupima kwa kulaza vidole vyake ndani ya maji: kidole kimoja, vidole viwili. Ametoa amri kwamba ikifika vidole vitatu kwa siku moja, asirudi mtu yeyote mteremkoni mpaka jua liwake siku mbili mfululizo. Majirani walianza kwa kucheka. Itumba ya mwaka 2025 nyumba nne jirani zilikuwa na sufuria uani.

Wenzangu wasomaji, sisi vijana tunaomaliza masomo twapenda kuota mambo makubwa: madaraja, viwanda, miji. Ni vema. Lakini nawaomba kila mmoja aende nyumbani likizo hii aulize mambo matatu. Kwanza, maji ya bati la nyumba yenu huenda wapi yakianguka? Kama huenda mteremkoni kwa jirani, chimbeni mtaro au wekeni pipa. Pili, juu ya nyumba yenu kuna nini: miti au udongo mtupu? Katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunachimba mitaro na kupanda miti. Tusiende huko kwa kupiga soga tu. Tatu, mzee wa nyumbani anakumbuka mvua gani mbaya, na ilipita wapi? Andikeni jibu lake pamoja na mwaka, kabla hajaondoka nalo.

Hatuna uwezo wa kuizuia mvua. Mawingu hayatuombi ruhusa yanapovuka ziwa, wala hayaulizi kama tuko Rwanda au Kongo. Lakini yule mama muuza sambaza aliponiuliza mtu atakiogopaje kijito kinachovukwa kwa viatu, sikuwa na jibu. Leo ninalo jibu dogo: mtu hukiogopa ikiwa wazee wake walimwachia habari zake katika maandishi. Tuwaachie wadogo zetu habari hizo, nao wakisikia mvua usiku wajue kama ni ya kulala au ni ya kuamka.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita